CD 11 zimeharibika tangu nisasishe programu ya muziki. Nifute laptopu nzima?

"Asalaam aleikum fundi. Mimi hurekodi nyimbo za kina mama kwenye harusi hapa Mombasa, usiku wa kesha na siku ya kupamba. Familia nyingi hazitaki video wala kitu cha kutumwa kwa WhatsApp, kwa hivyo huwachomea CD. Mwaka wa sita huu, kwa laptopu hiyo hiyo ya Windows. Mwezi uliopita programu yangu ya muziki iliniomba nisasishe, nikakubali. Nilipowasha tena, mahali pa CD pametoweka kabisa ndani ya kompyuta. Dukani nikaambiwa kichomeo kimekufa, nikanunua cha nje cha kuunganisha kwa waya wa USB. Nacho hakikuonekana, alama ya manjano tu. Mpwa wangu akatazama video mtandaoni, akafuta maneno fulani kwenye Windows, vyote viwili vikarudi. Sasa programu ikawa inalia kuwa mipangilio yake ya kuchomea haipo, niisakinishe upya. Nikaachana nayo, nikaburuta nyimbo moja kwa moja hadi kwenye CD. Kwa laptopu zinaimba vizuri, kwa gari la ami yangu redio inakataa. Mpwa akasakinisha programu upya. Sasa nikichomea kwa kile cha nje inaanza vizuri, halafu inakwama njiani na kuitema CD. Nilinunua fungu jipya la CD 50, nimeshaharibu 11. Mpwa asema tufute Windows yote tuanze upya. Mwengine aniambia nirudishe toleo la zamani. Nifanye lipi? Nina harusi mbili mwezi huu."

Wa aleikum salaam, dada yangu. Usifute Windows, na kichomeo cha tatu usinunue. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu lataka kikombe cha kahawa chungu, kwa sababu ulichonieleza si ugonjwa mmoja. Ni magonjwa matatu yaliyopokezana, na ni la kwanza tu lililoletwa na sasisho lenyewe. La pili lilitokana na njia uliyoshika ulipochoka. La tatu, naona mimi, lilikuwa linakuja hata kama usingegusa kitu. Kwa kuwa yote yamekufika mwezi mmoja, umeyatia kapu moja na kulibandika jina "sasisho", na mpwa wako naye ataka kulichoma kapu lote.

Kwanza kabisa, je, rekodi zako za miaka sita ziko wapi? Kama ziko kwenye laptopu hiyo peke yake, simama hapo hapo. Tafuta diski ya nje, nakili zote, fungua tatu nne usikilize kama zinaimba, ndipo urudi uendelee kunisoma. CD huharibika ukachoma nyingine. Sauti ya bibi aliyeimba kwenye kesha ya mjukuu wake mwaka juzi haina nyingine.

Sasa tuje kwenye kutoweka. Kati ya programu ya muziki na kichomeo hakuna njia ya moja kwa moja. Programu huongea na Windows, na Windows huongea na kichomeo kupitia draiva, yaani programu ndogo inayoijua lugha ya kifaa kile. Baadhi ya programu za muziki hazitosheki na draiva ya Windows peke yake. Huweka ya kwao juu yake, ili zipitishe zenyewe amri za kusoma na kuchoma. Chukua mfano wa lango la bandari pale Kilindini. Mzigo hautoki mpaka wakala wake awe ameandikwa na ajulikane getini. Windows nayo ina orodha ya mawakala wa namna hiyo, imo ndani ya rejista yake, yaani daftari kuu la mipangilio yake, chini ya majina mawili, UpperFilters na LowerFilters. Kila kifaa cha CD kinapowashwa, Windows huipitia orodha na kumwita kila aliyeandikwa. Ubaya wake ni huu: akiitwa mmoja asiitike, Windows haimruki ikaenda kwa mwenzake. Hufunga lango zima.

Kwa dalili zako, sasisho liliondoa draiva ya zamani, au liliibadilisha nusu nusu, na jina likabaki kwenye orodha. Wakala ameondoka mjini, kitabu cha getini bado kinamwita. Ndiyo ile alama ya manjano. Lau ungeibofya ndani ya Device Manager, yaani orodha ya vifaa ya Windows, aghalabu ungekutana na namba 39, kwamba draiva imeharibika au haipo, au namba 19, kwamba maandishi ya rejista yana kasoro. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kichomeo kimekufa.

Tena orodha hiyo si ya kichomeo kimoja, ni ya jamii nzima ya vifaa vya CD na DVD kwenye kompyuta. Ndiyo maana kile kipya ulichonunua nacho kiligonga ukuta ule ule. Mimi nilipofika hapo katika barua yako ndipo niliposhika uzi: vichomeo viwili, kimoja kizee na kimoja kimetoka kwenye boksi, havifi saa moja kwa ugonjwa mmoja. Aliyekuuzia angeweza kukijaribu kile cha zamani kwa dakika mbili, kwa kuingia kwenye menyu ya kuwashia kompyuta kabla Windows haijaamka. Huko orodha ya mawakala bado haijaanza kusomwa, na kichomeo kizima huonekana. Lakini haya, yamepita, na kile cha nje bado tutakihitaji.

Mpwa wako alichofuta ni orodha hiyo. Hakukosea, Microsoft wenyewe waliwahi kuelekeza watu kufuta maandishi hayo kwa tatizo hili hili. Lango likafunguka, vifaa vikarudi. Ila kwa kufuta orodha nzima alimfuta na wakala halali wa programu yako, ndipo programu ikalalamika kuwa mipangilio yake haipo. Ujumbe ule haukuwa hitilafu mpya, ulikuwa nusu ya pili ya dawa: ukishafuta, unawasha kompyuta upya, kisha unasakinisha programu ya muziki upya ili ijiandike tena getini. Hukuitaja programu unayotumia. Kama ni iTunes ya Windows, jina utakaloliona likirudi kwenye UpperFilters ni GEARAspiWDM. Ukiliona hapo, hapo pamepona.

Tahadhari moja kwa mpwa, maana vijana wakishaonja rejista huizoea. Jamii ya vifaa vya CD ina ufunguo mrefu, yaani jina la mahali pake ndani ya rejista, unaoanza na 4D36E965. Jamii ya kibodi ufunguo wake waanza na 4D36E96B. Tofauti ni herufi moja ya mwisho, na ndani ya kibodi nako kuna UpperFilters. Ukiifuta ile, kompyuta itawaka vizuri kabisa na hutaweza kuandika hata neno lako la siri. Kabla ya kufuta chochote humo, ahifadhi nakala ya ufunguo ule kwenye faili.

Ugonjwa wa pili, gari la ami. Ulipoburuta nyimbo kwenye CD, Windows ilikuuliza utaitumiaje diski hiyo: kama flashi, au kwa kicheza CD na DVD. Ukichagua kama flashi, CD hupangwa kwa mfumo ambao kompyuta huuelewa na redio nyingi za gari haziuelewi kabisa. Na hata ungechagua lile la pili, usingepata kile ulichokuwa ukiwapa wateja siku zote. Ungepata CD ya faili, yaani nyimbo za MP3 zilizowekwa kama nguo sandukuni. Redio inayojua MP3 itazicheza. Isiyojua itaona sanduku lisilo na maana.

CD ya muziki yenyewe ni kitu kingine kabisa. Kanuni zake ziliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980: sauti haikai kama faili, inakaa kama mkondo mmoja mrefu, sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa kushoto na kulia, na orodha ya nyimbo mwanzoni inayosema wimbo wa tatu waanzia dakika ya ngapi. Deki yoyote ya CD, hata ya miaka ya 80, yaujua mkondo huo. Kazi ya programu ya muziki ni kuchukua MP3 au chochote ulicho nacho na kukigeuza kiwe mkondo. Windows ukiiburutia hailifanyi hilo.

Kujua umeshika ipi, tia CD kwenye laptopu uifungue. Ukiona majina kama Track01.cda, kila moja ikiwa na baiti 44 tu, hiyo ni CD ya muziki. Ukiona majina ya nyimbo zako kama ulivyoyaandika, ni CD ya faili, usimpelekee ami. Na baada ya kusakinisha upya programu, nenda kwenye mipangilio ya kuchoma uhakikishe imechaguliwa CD ya muziki, si ya MP3 wala ya data. Usakinishaji upya waweza kurudisha mipangilio ya kiwandani bila kukuarifu, na hili limewatoa jasho watu wengi kuliko draiva.

Maadamu tumetaja dakika: CD ya muziki huhesabu muda, haihesabu ukubwa wa faili. Maandishi ya 700 MB juu ya CD ni ya wanaoweka data. Kwako wewe CD hiyo ni dakika 80, basi, hata kama faili zako zote za MP3 zina megabaiti 150. Nyimbo za kupamba najua zinavyovutwa, robo saa wimbo mmoja si ajabu, hivyo nyimbo tano sita na CD imejaa. Programu nzuri itakuomba CD ya pili. Mbaya itaanza halafu ikukatalie njiani.

Sasa ugonjwa wa tatu, na hapa ndipo nitakapokaa, kwa kuwa ndio unaokula CD zako.

Watu husema leza inachimba CD. Haichimbi. CD za kiwandani ndizo zenye mashimo, hugandamizwa kama kitumbua kwenye kikaango chake. CD tupu unayonunua ina tabaka jembamba la rangi, na leza ya kichomeo, ambayo jicho halioni mwanga wake, hupasha rangi hiyo moto mahali mahali mpaka inabadilika. Kicheza CD kikipita huona penye alama na pasipo alama, kikadhani ni mashimo. Kila kiwanda kina rangi yake, na kila rangi yataka moto wake. Mdogo mno, alama hazishiki. Mwingi mno, zinavujiana.

Kichomeo hujuaje moto wa kutumia? CD tupu si tupu kabisa. Ina mfereji mwembamba uliozunguka kutoka katikati hadi ukingoni, na mfereji huo umetikiswa kidogo kidogo kwa namna inayobeba maandishi: nani aliitengeneza, ina dakika ngapi, yataka moto kiasi gani. Kichomeo husoma hayo, kisha huenda sehemu ndogo karibu na katikati iliyotengwa kwa majaribio, hujaribu moto wa viwango mbalimbali, husoma matokeo na kuchagua. Kama CD ile imo katika orodha ya CD kinazozijua, hutumia njia iliyopimwa kiwandani. Kama hakijaiona maishani, hubahatisha kwa njia ya jumla. Jaribio lisipotoa matokeo yanayoridhisha, huacha na kutoa ujumbe wa kushindwa kupima nguvu ya leza.

Umeona ninakoelekea. Mwezi ule ule wa sasisho ulibadilisha fungu la CD, na ulibadilisha kichomeo. Mambo matatu mapya kwa mpigo, na lawama yote ikaangukia lile moja linaloonekana kwenye skrini.

Kwa hivyo zile CD 11 usizitupe. Zitandaze mezani, uzigeuze upande wa chini, uziinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu iliyochomwa huonekana kwa kivuli tofauti na isiyochomwa, na kuchoma huanzia katikati kuelekea nje, hivyo utaona kila moja ilifika wapi. Kama zote zimekwama mahali pamoja, mshuku wimbo: faili moja imeharibika, au haipo tena pale programu inapoitafuta, au jumla yako imepita dakika 80. Toa wimbo huo, ujaribu tena. Kama hazikuchomwa kabisa, au ni ukanda mwembamba tu katikati, kichomeo na CD hizo havikuelewana tangu jaribio la moto. Na kama kila moja imekwama mahali pake, hii karibu, ile mbali, basi ni CD zenyewe, au umeme wa USB, au lenzi.

Utauliza mbona zilizochomwa nusu haziimbi hata hizo nyimbo za mwanzo. Mara nyingi ni kwa sababu ile orodha ya nyimbo haikamiliki mpaka CD ifungwe, yaani kuchoma kumalizike. Kuchoma kukikatika njiani, redio hutafuta orodha, haioni, ikasema hakuna diski.

Sasa jaribu, na nakuomba ubadilishe kitu kimoja tu kwa kila CD. Ukibadilisha viwili ikakubali, hutajua ni kipi kilichokuponya, na mwezi ujao utarudi hapa hapa. Anza na CD kutoka fungu lako la zamani kama imesalia hata moja nyuma ya kabati. Ikikubali kwa kichomeo kile kile na programu ile ile, kesi imekwisha: fungu jipya ndilo lenye hatia. Nunua aina nyingine, moja moja, usinunue 50 kabla hujajaribu. Jina kwenye boksi lisikudanganye sana, kampuni moja yaweza kuuza CD za viwanda tofauti mwaka hadi mwaka.

Haikukubali? Shusha kasi. Hapa nirekebishe jambo moja, maana utaambiwa uchome kwa kasi ya mara 1 ndiyo bora. Ilikuwa kweli zamani. CD za leo zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na vichomeo vingi havishuki hata huko. Kasi ya polepole kupita kiasi yaweza kuleta alama mbaya kuliko ya wastani. Chagua mara 8 au mara 16. Kwa mara 16 dakika 80 huchukua kama dakika tano, kwa mara 8 kama kumi. Si muda wa kuua mtu.

Kisha umeme. Mlango wa kawaida wa USB 2 hutoa milliampea 500, ule wa USB 3 hutoa 900. Kichomeo cha nje kikizungusha diski huku leza yake ikiwa juu kabisa kinaweza kutaka zaidi ya hapo kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho chatosha kuharibu CD. Kama kilikuja na waya wenye vichwa viwili, tia vyote viwili. Usipitishe kwenye kile kigawanyaji cha milango minne. Laptopu nayo iwe kwenye chaji, na izime hali ya kulala, kwa sababu dakika kumi bila kugusa kitu zaweza kuifanya isinzie katikati ya kazi.

Na lile la "usiiguse kompyuta ikichoma, usipumue" sasa liache. Zamani data ikichelewa kufika, CD iliharibika. Tangu mwaka 2000, Sanyo walipoleta teknolojia ya kusimamisha leza na kuendelea pale pale, vichomeo vikaanza kuwa na kinga hiyo, na chako bila shaka kinayo. Soma ujumbe wako kwa raha. Usifungue tu filamu kutoka kwenye USB ile ile.

Kile kichomeo cha ndani, kizee chako, nacho kipe zamu, kwa kuwa nacho sasa kimerudi. Lakini miaka sita ya hewa ya Mombasa si mchezo. Chumvi, vumbi, na unyevu wa msimu wa mvua huacha utando kwenye lenzi, na leza inayopita kwenye utando hufika kwenye CD ikiwa dhaifu. Kusoma bado itasoma, maana kusoma kwataka mwanga mdogo. Kuchoma ndiko kunakoanza kushindwa. Hii ndiyo namna vichomeo vingi vya pwani vinavyozeeka, na hakuna sasisho lililohusika. Kama wachomea kwenye chumba chenye AC na laptopu imetoka kwenye joto, au kinyume chake, isubirishe nusu saa kwanza. Umeona miwani inavyofanya ukungu ukishuka kwenye gari lenye AC. Lenzi hufanya hivyo hivyo humo ndani ambamo huoni.

Mpaka hapo, njia zako ni zipi? Kufuta Windows kunaweza kutibu ugonjwa wa kwanza, ambao umeshapona. Hakutagusa CD mbovu, wala umeme wa USB, wala lenzi. Utapoteza siku mbili kupanga upya kila kitu, kisha CD ya 12 itakwama pale pale. Kurudisha toleo la zamani la programu nakuelewa unavyokutamani, lakini sasisho huenda lilibadilisha na maktaba yako ya nyimbo, na toleo la zamani huweza kukataa kufungua maktaba iliyokwisha kubadilishwa na toleo jipya. Tena utakuwa umejinyima marekebisho ya usalama kwa ajili ya tatizo ambalo si la sasisho. Kama Windows yako ni mpya, huenda pia ikakataa draiva ya zamani kwa kinga zake, na mtu atakushauri uzime kinga. Usizime.

Mimi ningekutenganishia kazi mbili. Programu ya muziki ibaki kuwa maktaba. Kuchoma kupe programu ya kuchomea tu, ambayo haina haja ya kusasishwa kila Ijumaa. Windows Media Player ya zamani, ambayo bado imo kwenye Windows nyingi, yaweza kuchoma CD ya muziki bila kuongeza chochote. CDBurnerXP ni ya bure na ni rahisi. ImgBurn, ambayo toleo lake la mwisho ni la 2013, ina sura ya kizee lakini hukuonyesha kiwanda kilichotengeneza CD uliyoitia, na hilo peke yake lina thamani. Upakue kwenye tovuti zao wenyewe na usome kila kidirisha kabla ya kubofya, maana programu za bure hupenda kuja na wageni wasioalikwa. Na kama kuna laptopu kuukuu nyumbani, yenye kichomeo kizima, itie programu ya kuchomea, iondoe kwenye intaneti, iwe hiyo ndiyo kazi yake. Mimi ninayo moja, skrini yake ina mstari wa kijani toka juu hadi chini, nami siitoi kwa bei yoyote.

Kuna wataokuambia uachane na CD uwape watu flashi. Kwa wengine ni sawa. Lakini najua mjini mwetu magari mengi yametoka Japani, na redio zake za asili ni za masafa ya FM ya huko, nyingi zikiishia 90, kwa hivyo stesheni zetu nyingi hazishiki. Mwenye gari kama hilo CD ndiyo rafiki yake. Kuhusu siri ya wenye harusi, nikuambie ukweli: CD si kufuli. Mtu mwenye kompyuta ataitoa nyimbo kwa dakika chache na kuzituma atakako. Inapunguza tamaa, haizuii. Waambie wateja hivyo, wasije wakakulaumu.

Nenda kwa fundi ana kwa ana kama vichomeo vyote viwili havisomi hata CD ya kiwandani, kama kuna sauti ya kukwaruza au harufu, kama alama ya manjano imerudi, au kama wewe na mpwa mnaona mikono inatetemeka mbele ya rejista. Chukua laptopu, kichomeo cha nje na waya wake, CD moja ya zamani inayoimba, mbili kati ya zile 11, na picha ya ujumbe wa kosa uliyoipiga kwa simu. Fundi anayejua kazi ataomba kuziona. Akikuambia "tuformati" kabla hajatia hata CD moja, mshukuru uende kwingine.

CD ya kwanza itakayokubali usimpe mteja, na usibandike karatasi juu yake, maana redio za gari za kumeza CD humeza karatasi ikakwama humo. Iandike kwa kalamu laini ya CD: tarehe, aina ya CD, kasi, kichomeo kipi, programu ipi. Kisha mpelekee ami aisikilize garini toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, hasa wa mwisho, kwa kuwa CD dhaifu huanza kukatakata karibu na ukingo. Ikimaliza bila kuruka, ndipo uwachomee wenye harusi.